Aiskrimu ya kikundi: kwa hisa au kwa vichwa?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Mikindani. Tuko 28. Kila Desemba, fedha za korosho zikishaingia, tunavunja kikundi, kila mtu anabeba chake, halafu tunafanya shughuli pamoja na familia zetu. Mwaka jana tulitengeneza aiskrimu wenyewe, ya maziwa na tui la nazi, ndoo mbili za lita 10. Tuliweka meza chini ya mwembe, watu wakapanga foleni, dada mmoja akawa anachota kwa upawa na kutia kwenye mabakuli ya uji. Watu walikuwa 130. Alipofika mtu kama wa 60, ndoo zikawa tupu. Watoto walilia, na wenzetu waliokuwa jikoni hawakuonja kabisa. Mpaka leo wawili kati yetu hawasalimiani. Mwaka huu tunatarajia watu 150, na fedha iliyopo inatosha lita 15 tu. Mwenzetu mmoja anayenunua hisa tano kila kikao anasema aiskrimu igawanywe kwa hisa kama tunavyogawana fedha. Mwingine anasema kila mwanachama apewe fungu lake sawa, akawagawie watu wake. Wengine wamechoka, wanasema tununue soda yaishe. Tufanye nini?

JIBU

Marahaba mwanangu. Soda msinunue. Mnajua kukuna nazi, mnajua kukoroga, na watoto wa Mikindani walishaonja mwaka jana, kwa hiyo wanaisubiri.

Barua yako nimeisoma huku nimeshika kalamu. Ndoo ya lita 10 huwa haijazwi mpaka mdomoni, kwa sababu lazima ikorogwe, basi tuseme kila moja ilikuwa na lita 9. Jumla lita 18. Ukizigawa kwa watu 130, kila mmoja anapata mililita 138, ambayo ni zaidi ya nusu ya glasi ya maji. Kwa aiskrimu ya nyumbani, nzito, yenye tui, hicho ni kiasi cha kumridhisha mtu mzima. Nikainuka, nikachukua bakuli langu la uji, nikalijaza maji kwa kikombe cha kupimia. Likabeba mililita 300. Sasa gawa lita 18 kwa 300: unapata watu 60. Na wewe mwenyewe umeandika, alipofika mtu kama wa 60.

Naomba hesabu hii uwasomee hao wawili wasiosalimiana, tena kabla ya shughuli, siyo siku yenyewe. Yule dada aliyeshika upawa hakuiba na hakumpendelea mtu. Alijaza bakuli alilopewa. Aiskrimu ya wale watoto iliingia kwenye mabakuli makubwa ya watu 60 wa mwanzo, na waliokula hawakujua kwamba wanakula ya wenzao.

Nije kwenye hisa, maana hapo ndipo penye moto. Hisa ni fedha ya mtu. Imekopeshwa, imezaa, na kilichozaliwa kinamfuata mwenyewe. Fungueni daftari muone aiskrimu ilitoka mfuko gani. Kwenye vikundi ninavyovijua, shughuli kama hiyo hutoka mfuko wa jamii, ule wa misiba na maradhi, na mfuko huo kila mwanachama huuchangia sawa, awe na hisa moja au tano. Kama na kwenu ni hivyo, mwenye hisa tano amechangia aiskrimu sawasawa na mwenye hisa moja. Mwambie kwa heshima, mwonyeshe ukurasa. Nina imani ataelewa, kwa sababu mtu anayeweza kununua hisa tano kila kikao ni mtu anayeijua hesabu.

Huyu wa pili, anayetaka kila mwanachama apewe fungu lake, hoja yake ina uzito zaidi, kwa kuwa ndiyo inayofanana na mchango wenyewe. Lakini itazame mezani. Lita 15 kwa wanachama 28 ni kama mililita 535 kwa kila mmoja. Mjane anayeishi peke yake atakaa na zaidi ya nusu lita, itamyeyukia mapajani. Mwenye mume na watoto saba atawagawia watu tisa, kila mmoja apate mililita 59. Wale watoto saba mliwaalika nyinyi. Pilau mmeipima kwa vichwa vyao, mchele mmeununua kwa vichwa vyao. Sijapata kuona ukanda wetu huu wote, toka Kilwa mpaka Msimbati, pilau ya shughuli ikigawanywa kwa hisa. Aiskrimu ni chakula cha shughuli ileile. Gaweni kwa vichwa, na mama wa watoto saba asidaiwe hata kijiko cha sukari cha ziada. Mtoto anayetembea ahesabiwe kichwa kizima na apate kikombe kile kile cha baba yake. Mchanga wa mgongoni asihesabiwe.

Nina sababu ya kulishikilia hili kwa nguvu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mpishi wa harusi moja pale Mtanda, Lindi, upande wa ndugu zangu. Aiskrimu niliichota mimi, kwa upawa, kwenye sufuria kubwa. Niliowajua niliwajazia, wazee niliwajazia zaidi, na wageni wa bwana harusi niliwaongezea ili nisionekane mchoyo. Nilidhani ule ndio ukarimu. Mwishoni akaja binti wa miaka kama 10, ameshika kikombe cha bati. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi tangu alfajiri akikuna nazi, na tui la aiskrimu ile lilitoka kwenye mikono yake. Ndani ya sufuria hapakuwa na kitu ila maji meupe chini. Hakusema neno. Alikwenda kukiosha kile kikombe, ambacho hakikuwa kimechafuka, akakirudisha mahali pake kwenye kapu. Nimepika shughuli nyingi tangu siku ile na sijashika tena upawa mbele ya foleni. Mwenye upawa anaona nyuso, na mkono wake unazifuata hata kama moyo wake ni safi.

Kwa hiyo gaweni kabla watu hawajafika. Aiskrimu ikiwa bado laini, kama uji mzito, imiminwe kwa jagi kwenye vikombe vidogo vya karatasi, kisha igandie humo humo. Lita 15 kwa watu 150 ni mililita 100 kila mmoja, lakini msiimalize yote: tieni mililita 90. Hapo vikombe 150 vitakula lita 13 na nusu, na lita moja na nusu inayobaki itatoa vikombe 16 vya akiba. Akiba hiyo mtaishukuru. Kuna anayekuja na mgeni ambaye hakuandikwa, kuna wa Msangamkuu aliyechelewa kivuko, kuna mtoto atakayemwaga chake mchangani kabla ya kulamba mara ya pili. Pima kikombe kimoja kwa maji, weka alama kwa kalamu mahali mililita 90 zinapofika, na alama hiyo iwe mbele ya macho ya kila anayemimina.

Vikombe vya watu wa jikoni na vya wanaogawa vitengwe kwanza kabisa, viandikwe, vikae chini kwenye friza. Watakula mwisho, lakini vyao viwe vimehesabiwa mwanzo. Hapa sitaki mjadala.

Friza moja ya nyumbani haitagandisha vikombe 166 kwa usiku mmoja. Anzeni siku mbili kabla, nusu usiku wa kwanza, nusu wa pili. Mchanganyiko upoe kabisa kwanza, na kama mnatia mayai yapikwe pamoja na maziwa kwa moto mdogo mpaka yawe mazito, kwa sababu yai bichi linaweza kuwaangusha watu wote kwa tumbo. Vikombe vipangwe kwenye masinia, na msiweke sinia juu ya sinia mpaka vya chini vishike. Umeme ukikatika, friza isifunguliwe hata kwa kuchungulia. Ikiwa imejaa na imefungwa itahifadhi ubaridi saa nyingi.

Kuitoa aiskrimu kwenye friza mpaka chini ya mwembe ndiko kunakowashinda wengi. Watu hujaza barafu tupu kwenye deli, yaani chombo cha kutunzia ubaridi, kisha hushangaa kukuta mchuzi. Barafu tupu inayoyeyuka hukaa kwenye nyuzi 0, na aiskrimu huanza kulainika kabla ya kufika hapo. Inahitaji baridi iliyo chini ya sifuri, na dawa yake mnayo mlangoni: chumvi ya mawe ya mashamba yetu ya pwani. Barafu iliyopondwa, kilo 3 kwa kilo 1 ya chumvi, hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, inaweza hata kukaribia 20 chini ya sifuri. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke, na barafu inapoyeyuka huvuta joto kwenye kila kilicho jirani yake. Kwa njia hiyo hiyo mtu asiye na friza anaweza kugandisha aiskrimu kwa kuzungusha sufuria ndani ya ndoo ya barafu na chumvi. Basi vikombe viwe ndani ya ndoo kavu yenye mfuniko, na ndoo hiyo ikae ndani ya deli, barafu na chumvi zikiizunguka kwa nje. Barafu ya pale wanapouzia samaki inafaa kwa nje tu. Isiguse vikombe, na maji yake yasiingie.

Foleni iacheni. Foleni humpa kijana mwenye miguu na humnyima bibi na mama anayenyonyesha. Sisi tumezoea kula kwa sinia, basi gaweni kwa mikeka. Watu wakishaketi, mtu mmoja apite akihesabu vichwa vya kila mkeka, aandike. Mkeka wa watu 8 upelekewe sinia yenye vikombe 8, na mkubwa wa mkeka huo ahakikishe kila mkono una kikombe. Wapelekaji wawe watano au sita, watoke kwa pamoja, wengine waanzie mikeka ya mbali. Sheikh, mwenyekiti wa mtaa, mgeni yeyote wa heshima apelekewe wa kwanza kwenye mkeka wake kama desturi, ila kikombe chake kiwe sawa na cha wengine. Hesabu yote washike wale watatu mliowapa funguo za sanduku la fedha. Mmewaamini na shilingi, waaminini na vikombe.

Vikombe vya akiba visitolewe mpaka kila mkeka uwe umeshapata na dakika kama 20 zimepita. Vikibaki, wapewe watoto, wadogo kwanza, hadharani. Kilichoyeyuka kinywewe au kimwagwe, kisirudishwe kwenye friza kwa ajili ya kesho. Na msiruhusu kufungasha. Najua akina mama wa pwani hatutoki shughulini mikono mitupu, na mimi ni mmoja wao, lakini pilau inafika nyumbani na aiskrimu haifiki. Kama kuna mgonjwa aliyebaki kitandani, mwandikeni kwenye hesabu tangu mwanzo na apelekewe chake moja kwa moja kutoka kwenye friza.

Korosho za kukaanga wekeni pembeni kwenye kibakuli, anayetaka anyunyize mwenyewe, maana wapo wanaovimba midomo wakila korosho, hata hapa kwetu tunakozilima. Na vikombe kumi hivi vitengenezwe kwa tui na iliki bila maziwa, viwekewe alama, kwa wale ambao maziwa huwasumbua tumbo. Ulizeni mapema, wengi huona haya kusema mbele za watu.

Ukimaliza, niandikie tena. Nataka kujua kama wale wawili wamekaa mkeka mmoja.

SWALI

Shangazi, mimi ni bibi, nipo Lindi mjini, nalea wajukuu watatu. Nikiwagandishia aiskrimu kwenye chombo kimoja, kila siku ni ugomvi juu ya kipande kikubwa. Nifanyeje?

JIBU

Pole dada yangu. Igandishe kwenye chombo chenye pembe nne, siyo cha duara, ili iweze kukatwa kama mkate. Mjukuu mmoja akate vipande vitatu, wenzake wawili wachague kwanza, yeye achukue kinachobaki. Kesho akate mwingine. Wa kwanza kukata awe yule anayelalamika zaidi, utaona atakavyopima. Kisu ukichovye kwenye maji ya moto na kukifuta kabla ya kila mkato, vinginevyo aiskrimu itapasuka vibaya na ugomvi utaanza upya juu ya vipande vilivyomeguka.