Kabla hujamwambia mteja umetafuta kote: kwa wanaoanza kazi saiba (cyber café) Kisumu

Mteja anataka ripoti kuhusu gugumaji la Ziwa Victoria. Ukijaribu Bing, kisha Yahoo, kisha DuckDuckGo, bado hujatafuta pengi: Yahoo na DuckDuckGo huchota sehemu kubwa ya majibu yao kwenye ghala la Bing, yaani kurasa ilizokusanya na kuziorodhesha. Majina matatu, shahidi mmoja. Linganisha Google, Bing na Brave Search, iliyoanza 2021 na yenye ghala lake. Andika maneno yaleyale kote, kwenye dirisha la faragha, ili mambo aliyotafuta mteja aliyetangulia yasikuchanganyie majibu. Ruka matangazo, kisha soma viungo kumi vya kwanza. Utakachokiona upande mmoja tu ndicho kilichofanya safari ya pili iwe na maana.

Lakini injini za kutafutia hulaumiwa bure mara nyingi. Tatizo ni maneno. Ghuba hii yetu leo ni Winam, maandishi ya zamani yanaiita Kavirondo, na watafiti wengine huiita Nyanza. Andika "Winam Gulf" OR "Kavirondo Gulf", alama za kunukuu zikiwepo na OR, yaani "au", kwa herufi kubwa. Kaunti zilianza kazi 2013, kwa hiyo ripoti za kabla ya hapo zitafute kwa jina la wilaya au mkoa wa Nyanza. Gugumaji lenyewe litafute kwa jina la kisayansi, Eichhornia crassipes, maana hilo halibadiliki kwa lugha; machapisho ya karibuni hulitaja kama Pontederia crassipes, basi jaribu yote mawili.

Kwa hati za serikali ongeza site:go.ke filetype:pdf, bila nafasi baada ya nukta mbili. Ukiacha nafasi, agizo huharibika na unaletewa mchanganyiko. Hapa wengi hunaswa: tovuti ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, huishia or.ke, kwa hiyo go.ke haitaigusa kamwe. Itafute peke yake kwa site:knbs.or.ke.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno mpeleke Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma. Makala ikidai malipo, bonyeza kiungo cha matoleo yote chini yake. Mara nyingine nakala ya bure imehifadhiwa na chuo cha mwandishi.

Na kiungo kikifa, usimrudishe mteja nyumbani. Google iliondoa nakala zake za akiba 2024, hivyo nakili anwani uibandike kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za kurasa za mtandao, uchague tarehe ya zamani kidogo.