Wadogo zangu wa maghalani, ukiumwa usizime simu

Jumatatu asubuhi Fuso tatu za korosho kutoka Tandahimba zimepanga foleni getini, karani mpya haonekani. Napiga simu, haipatikani. Mchana ndo mwenzake ananiambia, kaka jamaa kifua kinambana tangu wiki iliyopita, aliona aibu kusema, kapanda basi la Newala. Wiki tatu tu kazini! Huyu ni wa pili msimu huu na roho inaniuma kweli, maana alichofanya ndo kilekile nilichofanya mimi nilipoanza kazi hapahapa Mtwara.

1. Fomu ya afya ijaze ukweli. Nina pumu tangu darasa la pili, lakini kwenye swali la ugonjwa wa kudumu niliandika HAPANA kwa herufi kubwa, naogopa nafasi isije ikaenda kwa mwingine. Kumbe ningesema mapema ningewekwa ofisini kwenye stakabadhi, huko vumbi hamna, na msimu uleule kulikuwa na dada mwenye mguu mbovu alipangiwa hukohuko kwa sababu alifungua mdomo.

2. Inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, ukiipuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki ujue pumu haijatulia, nenda kliniki. Mimi ilifika mara nne kwa siku, nimejificha nyuma ya lori.

3. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la magunia, tafuta N95. Na kama ghala lenu ni la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ulizia kabisa kama msimu wa dawa linapokea salfa, dawa ya unga ya mikorosho, maana ile kwa mwenye pumu ni balaa.

4. Usiondoke kimyakimya. Hapa nivumilieni kidogo.

Ilikuwa Novemba, minada imechanganya, tunapokea mzigo mpaka usiku. Mimi naandika mzani, mwenzangu anapiga bambo, kile chuma cha kuchoma gunia kutoa sampuli, na kupima unyevu. Kila gunia la kilo 80 hivi lina mwenyewe huko kijijini na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anaacha mzigo ghalani, anapewa karatasi, unauzwa mnadani) uanze huku kwetu mwaka 2007 malipo ya mkulima yanafuata hesabu ya karatasi, kwa hiyo karani akikosea kuna mtu hapati hela yake. Usiku ule nikabanwa, inhela imeisha, mzee mmoja wa kuli akanibeba kwenye bajaji mpaka hospitali ya Ligula, nikawekewa oksijeni na dawa ya mvuke. Asubuhi nikaruhusiwa. Badala ya kurudi kusema nimeshindwa, naumwa, nikaona aibu ikanizidi, nikazima simu nikapanda basi la Masasi.

Kwenye begi nilikuwa na daftari dogo. Lori la mwisho nililiandika humo kwa haraka nikisema ntahamishia kwenye leja nikipata nafuu. Magunia kumi na mbili. Ghalani yapo, kwenye leja hayapo, na yule mwenzangu wa bambo ndo alikuwa zamu na mimi. Wakamhoji siku mbili, wakasema mlikuwa mnapanga kuyatoa, wakamwondoa. Mtu ana mtoto mchanga nyumbani. Namba yangu anaipiga haipatikani, na mimi nipo Masasi nakunywa uji nadhani niliyepoteza ni mimi peke yangu.

Nilijua baada ya miezi miwili nilipokutana na yule mzee wa kuli stendi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, lile daftari unalo?" Nikalirudisha kesho yake, hesabu ikakaa sawa, mkulima akaonekana, lakini nafasi ya mwenzangu ilishachukuliwa na msimu umeisha. Nilienda kwake Magomeni ya hapahapa Mtwara kuomba radhi. Alinikaribisha ndani, akanipa maji, hakusema kitu kwa muda mrefu sana. Mpaka leo nikisikia mtu kazima simu nakumbuka ule ukimya.

5. Kuacha kazi kwa ugonjwa sio kosa, ila iache kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema mwezi wa kwanza notisi ni siku 7, baada ya hapo kama mshahara wako ni wa mwezi ni siku 28, na usipozifanyia kazi mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye hela yako. Ndo maana mkae mzungumze, peleka cheti cha daktari, omba mkubaliane uondoke mapema, na dai cheti cha utumishi. Likizo ya ugonjwa ipo, siku 126 ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili na nusu ya pili nusu mshahara, lakini mwenye chini ya miezi sita kazini kwa kawaida hana likizo ya malipo, nyie wageni msiitegemee.

6. Kama kazi yenyewe ndo imekuumiza, mfano mafuta ya ganda la korosho yamekuunguza mikono kwenye ubanguaji, hiyo ni ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, toa taarifa mapema.

7. Kabidhi. Funguo, leja, tiketi za mzani, hata kipande cha karatasi ulichoandika kwa penseli.

Na wewe mdogo wangu wa Newala, hakuna aliyekasirika. Pumzika, nenda kliniki, kazi hii kama kifua kinakataa basi inakataa, ntakusaidia kuandika barua mwenyewe. Ila washa simu. Lori la Ijumaa jioni halipo kwenye leja na mwenzako kaitwa ofisini kesho saa tatu.