Wasomaji Wanauliza: Baba wa watoto wanne na PlayStation yake

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni fundi umeme mwenye umri wa miaka 43, mkaaji wa komini ya Katuba, Lubumbashi. Nimeoa na nina watoto wanne. Jumamosi usiku, watoto wakiisha kulala na umeme ukiwapo, mimi na jirani yangu hucheza mpira kwenye PlayStation kwa saa mbili au tatu. Mke wangu halalamiki. Hata hivyo, hivi karibuni yaya yangu, mzaliwa wa kwanza wa familia yetu, alinikuta na maneti (kidude cha kuchezea) mkononi, akanisema mbele ya mashemeji kwamba mtu wa umri wangu alipaswa kuwa ameshaachana na mambo ya watoto, na kwamba siku hizi hata madaktari wanauita ugonjwa. Naomba kujua: je, kuna umri ambao mtu huacha michezo hii? Mimi ni mgonjwa? Na je, niuze mashine ili kulinda heshima yangu?
Baba wa Wanne, Katuba

JIBU: Baba wa Wanne, yaya yako amekosea historia, ingawa kosa hilo si lake peke yake. Mchezo wa Pong, ambao ndio uliofungua njia ya biashara ya michezo ya video, ulitengenezwa na kampuni ya Atari mwaka 1972, na mashine yake ya kwanza ya majaribio iliwekwa katika baa ya mji wa Sunnyvale, California, mahali ambapo watu wazima walikuwa wakinywa bia. Tetris nayo iliundwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo cha Sayansi cha Muungano wa Kisovieti, na wa kwanza kunaswa nayo walikuwa wenzake wa kazini. Watoto waliwekwa mbele baadaye, kwa sababu za kibiashara. Mwaka 1983 soko la michezo hii lilianguka vibaya nchini Marekani, wenye maduka wakawa hawataki kusikia habari zake, na kampuni ya Kijapani ya Nintendo ilipotaka kuuza mashine yake huko mwaka 1985 iliiambatanisha na roboti mdogo wa plastiki ili ipokelewe kama kitu cha kuchezea watoto. Mbinu hiyo ilifaulu, na watu wengi ambao hawajawahi kusikia habari za roboti yule wamebaki na hukumu aliyoiacha.

Huku kwetu kuna sababu nyingine, nayo naiona nzito zaidi. Wengi wetu hatukuijulia PlayStation sebuleni. Tuliijulia katika vile vyumba vya kulipia, ambako mechi moja huchezwa kwa faranga chache, makelele hufika barabarani, na baadhi ya wavulana waliomo walipaswa kuwa darasani saa ile. Mzazi aliyewahi kumfuata mwanawe humo hasahau. Kwa hiyo yaya yako akiona maneti mkononi mwako anauona utoro wa chumba kile, na anashindwa kuutenganisha na mchezo wenyewe. Jumapili mtu huyohuyo hupita chini ya mwembe, akawakuta wazee wenye mvi wakisukuma vizibo vya chupa kwenye ubao wa dame tangu saa tisa mpaka giza, wakidhihakiana kwa sauti, asimwambie hata mmoja wao kwamba umri umempita. Wazee wa Kiluba walicheza kisolo, mchezo wa jamii ya bao, wakiwa na wajukuu, na hakuna aliyewaitia kikao cha familia.

Umri wa kuacha, basi, haupo, na ni vigumu hata kuutafuta, kwa kuwa kizazi kilicholelewa na mashine hizi ndicho kwanza kinaota mvi. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 PlayStation ya kwanza ilipoanza kuuzwa Japani, mwishoni mwa mwaka 1994, leo amepita miaka 40. Nchini Marekani, chama cha watengenezaji wa michezo hii kimekuwa kikitangaza kwa miaka mingi kwamba wastani wa umri wa wachezaji uko juu ya miaka 30. Yuko pia bibi mmoja wa Kijapani, Hamako Mori, ambaye mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 90, aliandikwa katika rekodi za Guinness kuwa mwenye chaneli ya michezo ya video YouTube mzee kuliko wote.

Kinachopungua kwa hakika ni kasi ya vidole na ya uamuzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada walitoa mwaka 2014 uchunguzi wao juu ya wachezaji 3,305 wa StarCraft II, mchezo wa vita wa kompyuta, wenye umri wa miaka 16 hadi 44, wakaona kwamba wepesi wa kuitikia jambo jipya huanza kushuka mapema sana, karibu na miaka 24. Lakini wakubwa hao walikuwa wamejifunza kufidia: walichagua mbinu nyepesi na kutumia njia za mkato kwa ufanisi zaidi. Ikiwa jirani yako ni mdogo kwako, nadhani umeshaliona jambo hili, na bila shaka umejifunza kumfungia njia badala ya kumkimbiza. Kingine kinachopungua ni muda. Wengi wanaodhaniwa kuwa wamekua wakaacha, ukiwachunguza utakuta walipata kazi ya zamu mgodini, au kodi ya nyumba ilipanda, au mashine iliharibika pasipatikane fundi wa kuitengeneza. Wapo pia waliochoka nayo tu.

Sasa ugonjwa. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, iliyoidhinishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hushindwa kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine zote, na huendelea hata madhara yakiwa wazi, tena, kwa kawaida, hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Maelezo hayo hayataji ukomo wa umri, wala hayataji idadi ya saa. Kwa uliyoniandikia, wewe si mgonjwa. Ungeniandikia kwamba unawakwepa wateja au unakopa pesa za chakula ili ucheze, ningekujibu vingine. Nakuonya jambo moja tu, kwa sababu ya kazi yako: fundi anayepanda nguzo Jumapili asubuhi alale mapema Jumamosi.

Mashine usiiuze. Yaya yako usimjibu mbele ya mashemeji, kwani hapo atailinda kauli yake hata kama ameshaelewa. Mwendee nyumbani kwake, umweleze Jumamosi zako zilivyo, na ukimwona anasikiliza, mkaribishe acheze mechi moja. Mpe timu iliyo bora.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 51, nauza vitenge katika soko la komini ya Kenya. Wateja wakipungua nacheza Candy Crush kwenye simu. Watu wakitaja michezo ya video huwafikiria wanaume na mpira wao. Je, nami nahesabiwa?
Mama Vitenge, Lubumbashi

JIBU: Unahesabiwa, mama. Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya King mwaka 2012, na watu wazima ni wengi mno miongoni mwa wanaoucheza. Ujue tu ulivyopangwa: unapewa maisha matano, na kila unaloishiwa hurudi baada ya dakika 30, ili asiye na subira atoe pesa. Wewe una vitenge vya kupanga, subiri.