Kabla hujalipia antivairasi, angalia nani ana funguo ya chumba cha seva

Wakuu habari zenu. Mi kazi yangu ni kufunga na kuhudumia kompyuta za ofisi ndogo ndogo hapa Dar, maduka ya jumla, zahanati, saccos, mawakala wa mizigo, na kila nikiitwa sehemu mpya bosi ananiuliza habari za virusi na wadukuzi weee mpaka chai inapoa, ila nikimwomba anionyeshe seva (ile kompyuta kuu inayotunza mafaili ya ofisi nzima) ilipo ananipeleka stoo, pembeni ya ndoo ya deki na katoni za karatasi, mlango uko wazi na anayejua funguo ilipo ni dada wa usafi peke yake. Sasa mwizi paswedi ya nini hapo? Anachomoa waya anaondoka na mashine.

Na hii ya paswedi tuiweke sawa kabisa coz wengi wanajidanganya. Ile paswedi unayoandika Windows ikiwaka haizuii kitu kama mtu ameshaondoka na diski, anaitoa anaichomeka kwenye kompyuta nyingine anasoma mafaili yako yote, wadaiwa, mishahara, majibu ya wagonjwa. Dawa yake ni kuifunga diski yenyewe kwa BitLocker, programu inayofanya diski isisomeke bila funguo yake, Windows za Pro zinayo tayari wala hulipii. Itakupa namba ya kufungulia yenye tarakimu 48, hiyo iprinti ukaiweke nyumbani au benki, usiibandike kwenye seva kwa selotepu (nimeikuta hiyo, tena na jina la ofisi limeandikwa juu).

Tuje kwenye jengo. Watu wanatia mlango wa chuma, grili, kufuli kubwa kubwa, halafu juu ni dari ya jipsam na ukuta uliotenganisha vyumba umeishia hapo hapo usawa wa dari haujafika kwenye bati. Kwenye fremu za kupanga hii ipo sana. Mtu anapanda kupitia choo cha jirani, anatembea juu ya mbao taratibu, anashukia kwako, na asubuhi kufuli zote unazikuta nzima unabaki unashangaa. Chukua ngazi leo, sukuma kipande cha dari, mulika na tochi ya simu. Ukiona mpaka kwa jirani, ongea na mwenye nyumba ukuta upandishwe, akileta ubishi basi angalau upige nondo juu ya kile chumba kimoja cha seva.

Kamera nazo ni kichekesho. Zimefungwa kila kona, af lile boksi linalorekodi liko mezani kwa keshia linawaka taa, mwizi akimaliza anabeba na boksi. Liwekwe kwenye kisanduku cha chuma kilichopigwa bolti ukutani, chumba tofauti na pesa, chenye matundu ya hewa lakini. Na usiridhike kuona picha laivu kwenye skrini, rudisha nyuma uangalie ya juzi, coz mara nyingi diski ya ndani ilishakufa zamani na hakuna aliyejua, au saa imeandika mwaka mwingine kabisa, hapo ukienda nayo polisi ni maelezo mengi.

Bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili, ndo pananiuma zaidi. Utaambiwa tunayo, ukiiangalia ni diski ya nje imechomekwa kwenye seva hiyo hiyo, imekaa juu yake kama kuku anaatamia. Moto ukija vinaungua vyote. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021 na tuliona wote, na usidhani ni mambo ya huku kwetu tu, mwaka huo huo Machi 10 kituo cha data cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, kampuni ya maana kabisa, na kuna wateja walipoteza kila kitu coz bakapu zao zilikuwa eneo lile lile. Kwa ofisi ndogo nunua diski mbili, zote uzifunge kwa BitLocker, moja iwe ofisini nyingine kwa bosi nyumbani, kila Ijumaa zinabadilishana. Basi.

Mambo ya mazingira fasta fasta: seva isikae chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji, isikae sakafuni kama mtaa wenu unafurika, ziba matundu coz mijusi na panya wanapenda joto la mashine, na mtungi wa kuzimia moto uwe wa gesi ya kaboni dayoksaidi (CO2), ule wa poda unazima ndio ila unga wake unaingia kwenye kila kifaa. Na tafadhali birika la chai lisichomekwe kwenye UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika.

Kitu kingine ni kompyuta za zamani. Zinauzwa kwa mafundi na diski ndani, na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, inakutaka ulinde taarifa za watu mpaka unapoziharibu, kwa hiyo toa diski, piga drili katikati, ndo uuze boksi.

Mwisho ni watu. Mi mwenyewe nikifika mapokezi nikasema nimekuja kucheki neti napelekwa moja kwa moja chumba cha seva naachwa peke yangu, hakuna aliyepiga simu kuuliza nimetumwa na nani. Mgeni yeyote, fundi wa kiyoyozi, wa neti, wa rangi, apigiwe simu bosi kwanza na akae na mwenyeji mpaka amalize. Na mfanyakazi akiondoka, hata kama mmeagana vizuri na keki mmekula, kitasa cha kile chumba kibadilishwe siku hiyo hiyo.