Usaili wa Emirates: Wanaangalia Nini?

SWALI: Nina miaka 23, nipo mapokezi hotelini. Nataka kuomba uhudumu wa ndege Emirates, lakini wenzangu wawili walirudishwa siku ya usaili bila kuambiwa sababu. Wasaili wanaangalia nini? (Binti wa Tanga)

JIBU: Umri wa kuanzia 21 na uzoefu wa kuhudumia wateja unavyo. Sasa jipime: urefu usipungue sentimita 160, na ukichuchumia mkono ufike sentimita 212, maana vifaa vya dharura hukaa juu. Weka alama ukutani, vua viatu, ujaribu nyumbani. Tatuu inayoonekana ukivaa sare inakutoa. Kuifunika kwa plasta au vipodozi hakukubaliki.

Wengi huangukia kwenye zoezi la kikundi. Mnapewa tatizo, mathalani hoteli imejaa na wageni wamefika, mjadiliane kwa dakika chache. Jibu lenyewe halina uzito sana. Wanatazama nani anamkatiza mwenzake, nani kanyamaza tangu mwanzo, nani anamgeukia aliye kimya na kumuuliza, “Na wewe unaonaje?” Anayebishana sana hujiona hodari, kumbe ndiye wa kwanza kuchujwa.

Ukibaki, kuna mtihani wa Kiingereza, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Andaa visa halisi vya mapokezi: mteja alilalamikia nini, ulifanya nini, yaliishaje. Majibu ya kukariri hukwama kwenye swali la pili.

Na wakala akidai ada ya usaili, achana naye. Emirates haitozi waombaji.