Jibu: Rangi mpya ya haibiskasi

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza mbona kila tawi la haibiskasi unalochomeka linatoa rangi ileile. Tawi ni mama yuleyule. Rangi mpya hutoka kwenye mbegu. Damka mapema, ua likianza tu kufunguka, maana mengi hudumu siku moja. Chukua unga wa njano wa ua jekundu, upake kwenye vile vitone vitano vya nchani mwa ua la manjano, ufunge uzi kwenye kikonyo. (Mimi nilisahau uzi, nikabaki kubahatisha ni lipi.) Kikonyo kikidondoka, haikushika, rudia. Na masika usijisumbue, mvua huosha unga wote. Kijumba cha mbegu hukauka na kupasuka baada ya miezi miwili hivi. Kila mche utakuja na sura yake, mingi ya kutupa tu. Ukipata mmoja uliokupendeza, huo sasa ndio wa kuchomeka matawi.