Tela la kulala: paa nilifunike kwa bati gani?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Lindi mjini. Nimeunda tela la kulala, urefu mita 3, upana mita 1.5, nilivute hadi Tandahimba na Newala msimu wa korosho. Paa ni plaiwudi juu ya fremu ya mbao. Nina mabati ya migongo yaliyobaki nyumbani. Niyapigilie tu misumari?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na hongera kwa kazi. Hayo ya migongo yaezekee banda. Nyumba imetulia, tela linatikiswa na kila shimo la barabara. Msumari hulegea kidogo kidogo, tundu hupanuka, maji hunywewa na plaiwudi, na wewe huoni kitu mpaka mbao imeoza. Tena upepo ukipenya chini ya migongo ukiwa mwendoni, hulinyanyua bati.

Tafuta bati bapa. Kwa sisi wa pwani nashauri alumini ya milimita 0.8; kwa paa lako uzito wa bati hilo utakuwa kama kilo 11, wakati bati la zinki (chuma kilichopakwa zinki) la geji 26, yaani kipimo cha unene, litafika karibu kilo 20. Pesa ikibana chukua la zinki, ila usilikate kwa grainda. Joto na cheche huunguza zinki ukingoni, na chumvi ya bahari huanza kula papo hapo. Tumia mkasi wa bati.

Kabla ya kufunika, pitisha ufito wa sentimita 3 katikati chini ya plaiwudi ili paa liinuke na maji yakimbilie ubavuni.

Sasa lililo kubwa: juu ya paa pasiwe na tundu lolote isipokuwa kwenye maungio. Shiti nyingi ni mita 1.22 kwa 2.44, kwa hiyo zilaze tatu kukingama tela. Anzia nyuma. Kila shiti ya mbele iipande ya nyuma yake sentimita 10, maana mvua ikikukuta njiani upepo unasukuma maji kutoka mbele. Niliwahi kufungua tela lililopangwa kinyume, na plaiwudi ilikuwa imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Maungio yapake gundi ya poliyurethani, kisha piga ribiti za alumini. Silikoni inayonuka siki usiiguse, asidi yake hula zinki.

Kingo zikunje sentimita 5 kushuka ubavuni: bana bati kati ya engo mbili (vyuma vya pembe), gonga taratibu kwa nyundo ya mbao. Skrubu zote ziingie hapo ubavuni, ziwe za chuma cha pua na zenye mpira. Skrubu ya kawaida ikikutana na alumini kwenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Matundu yawe mapana kidogo kuliko skrubu. Mita 3 za alumini zikipanda joto nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 3, na ukizibana kabisa zitafura katikati.

Usisahau Newala usiku kuna baridi. Pumzi yenu itageuka matone chini ya paa, kwa hiyo acha matundu ya hewa yenye wavu pande mbili. Dari ya ndani usiipige kwanza. Mwagia paa maji kwa mpira nusu saa, ukianzia mbele, huku mtu akiwa ndani na tochi anakagua kila ungio.